Kelele niliyoizima kwa kipande cha godoro

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Najua wengi hapa tunaandika kuhusu safari ya kukimbia, au masomo, au ndoto zetu. Mimi leo nataka kuandika kuhusu kelele za ndani ya gari. Msicheke kwanza. Kuna kosa nililofanya mwaka jana ambalo nimelisema kwa watu wachache tu, na lilianzia kwenye kelele hiyo.

Kwa wasionijua: nina miaka 24. Nilizaliwa upande wa Fizi, Kivu Kusini, nikavuka Ziwa Tanganyika nikiwa mgongoni mwa mama. Nimekulia hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kuanzia 2015 walikuja pia ndugu zetu wengi kutoka Burundi. Sekondari nimesoma humuhumu kambini, kwa Kifaransa na kwa programu ya Kongo, nikafanya Exetat, nikapata diploma. Chuo bado. Tangu mwaka juzi najitolea kusindikiza wagonjwa. Nakaa nyuma ya gari pamoja nao kutoka vituo vidogo vya afya mpaka hospitalini, nashika dripu, nafungua milango, natafsiri Kibembe pale nesi asipoelewa. Napata posho kidogo ya mwezi. Sabuni na chumvi hazikosekani nyumbani.

Gari letu ni Land Cruiser ndefu, ile mnayoijua wote, yenye mkonga wa kuvutia hewa unaopanda pembeni ya kioo cha mbele. Nyuma ina milango miwili inayofunguka kama kabati. Ndani, upande mmoja kuna machela, upande wa pili kuna benchi refu ambalo tunakaa nesi, ndugu wa mgonjwa na mimi. Ni gari la kazi, siyo la starehe. Huko nyuma sehemu kubwa ni bati tupu, kwa hiyo kitu chochote kikigusana na kingine utakisikia.

Na barabara zetu mnazijua. Kiangazi ni vumbi jekundu, na njia inajikunja mistari mistari kama bati la kuezekea. Gari likipita hapo hata meno yanagongana. Masika ni matope na mashimo.

Sasa, gari hilo lilikuwa na kelele moja ambayo tuliizoea mpaka tukaipa jina. Tuliiita "cherehani", kwa sababu ilikuwa inapiga taka-taka-taka-taka kama fundi nguo mwenye haraka ya sikukuu. Tukienda polepole ilinyamaza. Tukifika kama kilomita 30 kwa saa ilianza, na kwenye 40 ilikuwa kali kabisa. Ukipita hapo, ikapungua kidogo. Mzee, dereva wetu, ni mwenyeji wa Kasulu na ameendesha magari ya namna hii tangu kabla sijazaliwa. Yeye alikuwa akisema, "Gari ya miaka yote hii mnataka ikae kimya kama kaburi?" Halafu anaongeza sauti ya redio, tunaendelea. Kule mbele, pamoja na mngurumo wa injini, cherehani haisikiki sana. Kule nyuma ndiko tulikokuwa tunashona.

Mimi tangu utotoni napenda kufungua redio mbovu na kuzifunga tena. Nikajiona fundi. Siku moja Mzee alipokwenda kunywa chai, nilichukua kipande cha godoro la zamani, nikakikata kwa kisu, nikakisokomeza kati ya fremu ya benchi na bati la ubavuni. Sikuinua mto wa benchi. Sikutazama chini. Nilitikisa tu kwa mkono, nikaona benchi halichezi tena, nikaridhika.

Safari iliyofuata, kimya! Mzee akageuka akaniuliza, "Dogo, umeifanya nini gari yangu?" Nikamweleza. Akacheka, akasema, "Basi umekuwa fundi, bwana." Nikapiga picha ya kile kipande cha godoro, nikaiweka kwenye status yangu. Mlioiona mnakumbuka, kuna walionitumia alama za makofi.

Kimya kile kilidumu wiki mbili na siku kadhaa. Kisha mvua zikaanza. Maji yanaingia kwenye gari kwa viatu, kwa nguo, kwa mlango unaofunguliwa mvua ikinyesha. Godoro likanyonya maji, likalegea, likateremka. Cherehani ikarudi, na safari hii ilikuwa kubwa kuliko mwanzo.

Usiku mmoja tuliitwa kumchukua mama mjamzito. Alikuwa na maumivu makali ya kichwa, miguu imevimba, na presha ilikuwa juu. Wanaofanya kazi ya afya mnajua maana yake: huyo ni mtu wa kuangaliwa njia nzima, maana anaweza kuanza degedege wakati wowote. Nesi alikuwa na kipimo cha presha cha kufunga mkononi na kile cha kuweka masikioni ili kusikiliza mapigo. Mama yake mzazi, koko mmoja mwembamba mwenye kitenge cha bluu, alikaa mwisho wa benchi karibu na mlango.

Gari likaondoka. Taka-taka-taka-taka. Nesi akafunga kipimo, akapuliza, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akajaribu tena. Kisha akanambia, "Mwambie Mzee asimame. Sisikii kitu."

Mzee akasimamisha gari, akazima injini. Nesi akapima, akaandika, tukawasha, tukaenda. Baada ya muda akataka kupima tena. Tukasimama tena. Tulisimama mara tatu usiku ule, mvua inanyesha. Safari ambayo kwa kawaida ni dakika 20 tuliimaliza kwa karibu 40. Kila tuliposimama nilikuwa natazama kile kipande cha godoro kimening'inia kama ulimi, na nilikuwa naona aibu, ingawa bado sikujua kosa langu lilikuwa kubwa kiasi gani.

Nisiwaache na wasiwasi: mama alifika, akapokelewa, akajifungua kabla ya jua kuchomoza. Yeye na mtoto walitoka salama.

Lakini tulipokuwa nje tunasubiri, koko alinigusa mkono. Akasema, "Mutoto wangu, ile kelele iko inatoka chini ya kiti, pale mwisho, pale nilikaa. Hata mwezi ule nilileta mujukuu wangu, ilikuwa palepale. Kiti kiko kinaruka. Nilikuwa nakishikilia na mikono mbili."

Nikamwuliza, "Koko, kwa nini hukusema?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Nilizani ni vile motokari iko. Na tena, mutu wanamupandisha bure anaweza kusema kiti ni mbaya?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi nilimwambia Mzee maneno yale yote, neno kwa neno. Hakucheka. Alisema Jumamosi, gari likiwa halina safari, tutalikagua sote wawili, na nije na nguo za kuchafua.

Jumamosi hiyo nilijifunza mambo ambayo nataka kuwapa hapa, maana wengine wenu mnaendesha bodaboda, wengine mko gereji, wengine mnapanda magari haya kila siku.

Jambo la kwanza, Mzee alinikataza kushika spana. Alisema kwanza tutoe kila kitu ambacho si sehemu ya gari. Tulipata chini ya viti na kwenye mifuko ya milango: jeki ambayo mkanda wake ulikatika, chupa mbili za soda, spana moja iliyopotea tangu zamani, sarafu, kifuniko cha dripu, na buti la mtu mmoja tu. Tukaendesha tena kidogo. Kelele tatu ndogo tulizodhani ni za gari zilikwisha hapohapo, bila kufungua nati hata moja.

La pili, alinifundisha kutofautisha sauti. Kuna sauti ya kugonga, taka-taka: hiyo ni vitu viwili vigumu vyenye nafasi kati yao, kimoja kimelegea. Kuna sauti ya kulia, kwii-kwii: hiyo ni vitu viwili vinavyosuguana, vinashikana na kuachiana, kama plastiki na plastiki au raba kavu na chuma. Na kuna sauti ya kuvuma, zzzz: hiyo ni kitu chembamba kama bati au ubao wa mlango kinachotetemeka chenyewe kwa sababu hakikushikwa vizuri. Dawa zao ni tofauti. Cha kugonga, kaza au ondoa ile nafasi. Cha kulia, weka kitambaa au kitu laini katikati. Cha kuvuma, kishike mahali pengi zaidi au kibandike kitu kizito kidogo kwa nyuma. Ukimpa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo hatapona, na gari ni vilevile.

Nikamwuliza kwa nini cherehani inapiga zaidi kwenye kilomita 40 na si kwenye 20 wala 60. Mzee alisema, "Ndivyo ilivyo." Lakini mimi nilikumbuka somo la fizikia. Kila kitu kina mwendo wake wa kutetemeka, kama bembea. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati wake, hata kwa kidole, anakwenda juu. Ukimsukuma nje ya wakati, hata kwa nguvu, anakwama. Ile mistari ya barabara inalisukuma gari. Kwenye mwendo fulani inasukuma sawasawa na wakati wa kile kilicholegea, ndipo kinaruka. Injini nayo inasukuma. Injini ya silinda 6 kama hii inachoma mafuta mara 3 katika kila mzunguko. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka kama mara 700 kwa dakika, hiyo ni misukumo 2,100 kwa dakika, yaani 35 kila sekunde. Ndiyo maana kuna vitu vinavyovuma gari likiwa limesimama, halafu ukikanyaga mafuta kidogo vinanyamaza. Havijapona, vimekosa tu msukumo unaolingana navyo. Mzee alinisikiliza, akasema, "Kumbe shule inasaidia." Nilifurahi sana siku ile, nisiwadanganye.

La tatu ni kutafuta. Mtu mmoja anaendesha, mwingine anatafuta. Dereva hatafuti, macho yake ni ya barabara. Mimi nilikaa kila mahali: mbele, nyuma kushoto, nyuma kulia, hata kwenye machela. Unabonyeza kitu kimoja kwa kiganja. Kelele ikinyamaza umekipata, isiponyamaza unahamia kingine. Usibonyeze viwili kwa pamoja, hutajua kipi ni kipi. Mahali ambapo mkono haufiki, nilitumia kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni na nyingine naisogeza karibu na pembe za gari. Simu pia inasaidia: unairekodi sauti ikiwa hapa, unairekodi ikiwa pale, halafu unasikiliza ni wapi ilikuwa kubwa.

Tulipata nyingi. Mlango wa mbele kushoto ulikuwa unavuma kwa sababu pini mbili za plastiki zinazoshika ubao wa ndani zilikuwa zimekatika. Kioo cha dirisha kilikuwa kinagonga kikiwa nusu, kikifungwa chote kinanyamaza: raba ya njia yake imekwisha. Kile kirungu kifupi cha kuwekea gari kazi ya matairi manne kilikuwa kinatetemeka, ukikishika kinanyamaza. Kile chuma cha mkanda wa abiria wa mbele kilikuwa kinapiga nguzo ya mlango kila shimo. Droo ya dashibodi ilikuwa haibani vizuri. Na ile milango ya nyuma, mmoja umebeba tairi la akiba, zile raba zake zilikuwa ngumu kama kuni na ndoana ya kitasa imelegea.

Nyingi kati ya hizo tulizitengeneza wenyewe siku hiyohiyo. Ndala ya zamani ikikatwa vipande vyembamba ni dawa nzuri ya droo na kwa nyuma ya ubao wa mlango. Tyubu ya baiskeli iliyochakaa tulifungia jeki. Kitambaa kizito cha suruali ya jinsi tulibandika pale plastiki zinaposuguana. Ila nisikilizeni: usipake oili ya injini kwenye raba au plastiki ili isilie. Itanyamaza siku mbili, kisha oili inashika vumbi na kuiharibu raba. Usisokomeze karatasi wala nguo karibu na nyaya au karibu na bomba la moshi, utaunguza gari. Na mkanda wa abiria usiguswe kwa kisu, sindano wala gundi.

Mwisho tukafika kwenye benchi.

Mzee akanambia niinue mto pale mwisho, alipokaa koko. Nikautoa kwanza ule uchafu wangu wa godoro. Ulikuwa umelowa, unanuka, na bati ulipokuwa umegusa lilikuwa na kutu mbichi. Kisha nikaona. Ile fremu ilitakiwa kushikwa sakafuni na boliti nne. Upande ule, moja haikuwepo kabisa. Ya pili niliizungusha kwa vidole viwili, bila spana. Tundu lake halikuwa duara tena, lilikuwa limeliwa mpaka likawa kama yai. Na mkanda wa yule anayekaa mwisho ulikuwa umefungwa kwenye fremu hiyohiyo.

Maana yake mnaielewa. Kama Mzee angefunga breki kwa nguvu, au gari lingeingia mtaroni, benchi lingeng'oka na mkanda ungeondoka nalo. Koko alikuwa amefungwa mkanda uliofungwa kwenye kitu kisichofungwa. Nesi hivyohivyo. Na mimi mwenyewe ambaye nakaa pale siku tano kwa wiki.

Na kwa zaidi ya wiki mbili gari lilikuwa kimya kwa sababu yangu. Kila siku boliti ile ilikuwa inalegea na hakuna aliyesikia, kwa sababu nilikuwa nimeiziba mdomo. Pengine kama ningeiacha ipige, ingemchosha mtu mapema akaenda kuangalia.

Mzee aliuliza swali moja tu. "Ulitazama chini kabla ya kuweka godoro?"

"Hapana, Mzee."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa naongeza redio. Tuko wawili. Twende tukaseme."

Nilitamani aende peke yake. Niliogopa nitatolewa kwenye kazi ya kujitolea, na mnajua posho ile inalisha watu wangapi nyumbani. Lakini tulikwenda wote kwa mkuu wa gereji, na Mzee akanisukuma mbele niseme mwenyewe. Nikasema: kelele ilikuwepo, nikaiziba, sikutazama, abiria alijua na hatukumuuliza. Mkuu wa gereji hakunifokea. Aliandika kwenye kitabu cha gari, akachukua funguo, akasema gari halitoki mpaka benchi litengenezwe. Ndala na godoro haviruhusiwi kwenye kitu kinachoshika mtu. Walikata bati lililoliwa, wakaweka sahani ya chuma chini ya sakafu, wakafunga boliti mpya nne zenye nati zisizolegea kwa mtikisiko, na wakaangalia mikanda yote.

Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Siku hizo gari jingine lilifanya kazi ya magari mawili. Nilikaa kituoni nikitazama wagonjwa wanavyosubiri, na kila aliyeniuliza, "Gari liko wapi?" nilijibu, "Linatengenezwa benchi." Ilikuwa adhabu ya kutosha.

Gari liliporudi, Mzee na mimi tulianza utaratibu mdogo ambao unaendelea mpaka leo. Kila Ijumaa kabla ya kuosha gari, mimi naendesha kwa mikono: naushika mkono wa kila kiti, kila mlango, kila mkanda, nautikisa. Mzee naye anakaa nyuma dakika kumi wakati dereva mwenzake akiendesha. Mara ya kwanza aliposhuka alisema, "Kumbe ndivyo mnavyokaa huku." Miaka yote ile alikuwa hajawahi kukaa kwenye benchi lile gari likiwa linatembea.

Na kwenye kitabu cha gari tuliongeza mstari mmoja: wa nyuma wamesikia nini? Baada ya kumshusha mgonjwa, namuuliza ndugu aliyemsindikiza. Mwanzoni wote walijibu, "Hakuna shida, tunashukuru." Nikajifunza kubadilisha swali. Siulizi tena "Kuna shida?" Nauliza, "Ulikaa wapi? Ni kitu gani kilikuwa kinapiga karibu na wewe?" Hapo wanasema. Mtoto mmoja wa miaka kama saba alinionyesha kwa kidole chuma cha mkanda: "Hiki kinapiga kichwa cha baba." Mama mmoja Mrundi alisema maji yanadondoka mgongoni kwake kutoka kona ya mlango. Baba mmoja alisema kila tukiondoka, chini ya miguu yake kunagonga mara moja, dung, halafu basi. Hiyo hatukuigusa sisi. Mzee alisema kelele inayokuja gari likianza kuvuta, au ukikata kona, au ukikanyaga breki, hiyo si ya viti, ipelekwe gereji siku hiyohiyo. Ilikuwa krosi ya shafti, imeanza kufa. Ikikatika njiani shafti inaweza kudondoka.

Baba yule hakuwa fundi. Alikuwa mkulima huko Kongo. Lakini alikaa juu ya kelele ile, na sisi hatukukaa pale.

Naomba niseme mambo mawili, kisha nimalize.

Kwa ninyi wafanyakazi wa mashirika: sisi tukisema "iko sawa", mara nyingi tunamaanisha "asante kwa kunipandisha". Hayo ni mambo mawili. Mtu aliyefika kwa msaada anaogopa kuonekana hana shukrani, au anaogopa jina lake litakatwa mahali. Msiridhike na jibu la kwanza. Na kama inawezekana, kaeni nyuma. Si kwa ziara, kaeni siku ya kazi, kwenye barabara ileile, mvua ikinyesha.

Kwa sisi vijana: tukipata nafasi ya kujitolea, tunapenda kuonekana tumemaliza tatizo. Mimi nilipenda yale makofi ya kwenye status. Lakini nilikuwa nimenyamazisha tu. Sasa kabla ya kuziba kitu najiuliza kwanza nini kinafanya kelele, na kama sijakiona kwa macho siweki godoro. Na tukiwa sisi ndio abiria, tuseme kama koko alivyosema: inatoka hapa, ilianza mwezi ule, inafanya hivi. Maneno kama hayo fundi anaweza kuyafanyia kazi. "Gari lenu bovu" hayamsaidii mtu.

Koko nilikutana naye tena, miezi kama mitatu baadaye, kwenye foleni ya maji. Alikuwa amembeba yule mjukuu mgongoni, mnene, analala. Nikamsalimia, akanitambua. Kabla hata sijauliza habari za mama wa mtoto, yeye ndiye aliniuliza:

"Ile kiti, walikikaza?"

Nikamwambia, "Ndiyo koko, boliti nne mpya."

Akasema, "Aa, ni vizuri. Mara ingine nitakaa na mikono kwa mapaja."

Wenzangu, kwenye kazi zenu huko mliko, ni kelele gani mmeizoea mpaka mkaipa jina? Andikeni hapa chini. Na aliyepanda gari letu akasikia kitu, aniambie alikuwa amekaa wapi.